Siku moja Mwanza, uko peke yako: nawajibu

Tangu niliposema hapa kwamba Mwanza ni mji wa kutembea kwa miguu, maswali yamekuja mengi, na karibu yote ni ya watu wanaokuja peke yao. Haya, nayajibu.

Dada habari, nakuja kikazi kutoka Dar, Jumamosi nzima sina kazi na simjui mtu hata mmoja huko. Nianzie wapi?

Karibu sana kaka. Kwanza usitegee alarm ya Dar, sisi tuko magharibi, saa 12 asubuhi bado kuna giza na jua linachomoza kama saa 12 na nusu na kitu. Likichomoza tu panda daladala uende Mwaloni, Kirumba. Pale ndo dagaa wanapofikia kutoka visiwani, magunia kwa magunia, wengine wanavuka mpaka kwenda Kongo, na utaona korongo wakubwa wamesimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza wanasubiri mabaki. Harufu ni kali, nisikudanganye, ila baada ya dakika kumi pua inazoea na unaanza kusikia maneno, wale wamama wanavyopatana bei ni darasa kamili. Ukitoka hapo rudi mjini upite Makoroboi, jina limetokana na koroboi, zile taa za mafuta ya taa za makopo zilizokuwa zinatengenezwa pale. Kisha kisiwa cha Saanane kabla jua halijawa kali, mchana kula upumzike, jioni Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama majini pale Kamanga. Jua linazama kama saa 1 kasoro, fika mapema kidogo ukae. Maduka makubwa yaache, hata Dar yapo.

Mimi ni mdada, napenda kupanda miinuko nipige picha zile nyumba za juu ya mawe. Nikienda peke yangu ni salama kweli?

Hili swali nalipenda maana mi mwenyewe nimekulia Igogo, juu huko. Mdogo wangu, panda, lakini panda mchana na panda kama mgeni wa watu, usipande kama mtu aliyekuja kuangalia mawe, kwasababu zile njia unazoziona kati ya miamba ni nyua za watu. Unapita mlangoni kwa mtu, mama anaosha vyombo, nguo zimeanikwa juu ya jiwe lenye joto, pembeni kuna dagaa kwenye chandarua, we unapita tu na simu mkononi bila salamu? Haipendezi. Sema shikamoo kwa wakubwa, na ukiweza asubuhi sema mwangaluka, mchana na jioni mwadila, ni Kisukuma hicho, utaona sura inavyofunguka. Ukishasalimia, omba ndo upige picha. Simu usiishike mkononi njia nzima, na jua likianza kushuka na wewe shuka, taa huko juu ni chache.

Kitu kingine ni mvua. Mwaka juzi ilinyesha asubuhi nikajidai njia naijua, nikateleza kwenye jiwe lililolowa, goti likachubuka vibaya. Mama mmoja simjui hata jina alinikalisha kibarazani kwake, akaleta maji ya chumvi kwenye bakuli la bati akaniosha taratibu huku anamtuma mtoto akaniitie boda, na hela hakutaka kabisa. Mpaka leo nikipita nampelekea sukari. Kwahiyo vaa viatu vyenye soli inayoshika, na mvua ikinyesha subiri jiwe likauke.

Na ukiwa kule juu ligusie mkono lile jiwe. Ni graniti, ya miaka zaidi ya bilioni 2. Lilikuwa limefunikwa na udongo, maji yakaingia kwenye nyufa yakalila kona taratibu mpaka likawa duara, mvua zikaondoa udongo, likabaki limekaa juu ya mwenzake. Hakuna mtu aliyeyapanga, hata lile la Bismarck ndo hivyohivyo.

Boda wananipandishia bei wakisikia lafudhi yangu. Nifanyeje?

Muulize kwanza mwenye duka au mapokezi pale ulipolala kawaida ni shilingi ngapi, halafu patana kabla hujapanda. Helmeti omba, ile miteremko ya hapa siyo ya mchezo.

Saanane inafaa kwa masaa mawili tu?

Inafaa, tena sana. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 2 na kidogo, na boti unapandia Capri Point, dakika chache umefika. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa 2013, na jina ni la mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale kisiwani. Utaona swala pala, pundamilia, pimbi wamejianika juani, kenge. Panda mpaka jiwe la juu kabisa ugeuke uangalie mji, ndo utaelewa kwanini watu wa hapa wakihama wanaumwa na hamu ya kurudi.

Shikamoo ni yako kijana wangu, mimi nina miaka 66 na goti halifai. Naweza kuuona mji kwa juu bila kupanda?

Shikamoo siwezi kuipokea mzee wangu, natoa mimi: shikamoo. Chukua bajaji ikupeleke mlima wa Bugando, lami mpaka juu hospitalini, ziwa lote liko chini yako. Nenda kwenye saa 10 upepo wa ziwa ukishaanza.

Sato mzuri nitamjuaje? Na naweza kuogelea?

Mwambie muuzaji afunue shavu. Liwe jekundu la damu, jicho limetuna na ni angavu, ukimbonyeza nyama irudi. Shavu likiwa la kahawia achana naye hata akishushiwa bei. Mle na ugali kwa mkono, na ukikuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, usiipite. Kuogelea hapana, ziwa lina kichocho na kuna sehemu zina mamba.

Bujora ni mbali? Naskia makumbusho ya Wasukuma yako huko.

Ni kama kilomita 20, panda daladala za Kisesa. Jengo la ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ingia ndani polepole. Ukija Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma, utawakuta Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana kucheza, lakini hapo siku moja haitoshi, lala.

Baba yangu alikuwa kwenye MV Bukoba. Sijawahi kufika Mwanza, mwezi ujao nakuja peke yangu. Kuna mahali pa kwenda?

Pole sana ndugu yangu. Mahali papo. Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebaki kidogo tu ifike, na wengi waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, kuna mnara wa kumbukumbu. Panda daladala ya Igoma, ukishuka uliza makaburi ya MV Bukoba, watakuonyesha. Nenda asubuhi kukiwa bado na ubaridi, siku hiyo usijipangie kitu kingine. Na kama unaona uzito kwenda mwenyewe niandikie kabla hujasafiri, tutaenda wote.