Ukiona Sungura Kwenye Jalada, Usikimbilie Kuwawashia Watoto

Masika ya mwaka juzi dada yangu aliniletea wanawe wawili Jumamosi asubuhi, yeye akaenda kwenye shughuli Mbagala. Wa kike alikuwa na miaka sita, kaka yake tisa. Mimi nakaa Tabata, na Tabata mvua ikikolea huna pa kumpeleka mtoto zaidi ya sebuleni. Nilikuwa na flashi niliyojaziwa muvi na kijana wa kibandani, mia tano mia tano, na katikati ya muvi za ngumi nikaona moja ina picha ya sungura. Inaitwa Watership Down. Sikuuliza kitu. Sungura, tena katuni! Nikawawashia, nikaingia jikoni kumenya viazi vya chipsi.

Nilichosikia baadaye hakikuwa kilio. Kilikuwa kimya, na mwenye watoto anakijua kimya cha namna ile. Nilipochungulia, kwenye kioo kulikuwa na sungura wamebanana chini ya ardhi, mashimo yao yamezibwa na watu, wanakanyagana wakitafuta hewa. Mdogo alikuwa ameung'ata mto wa kochi. Nikarukia rimoti, nikazima, nikaweka mpira. Nikawaambia, "Wamepona wote, njooni mle."

Hapo nilikosea mara mbili kwa mpigo, na ndiyo sababu naandika haya.

Uongo haukumdanganya mtu. Kaka mtu alinijibu mezani, mdomo umejaa chipsi: "Anko, hawajapona. Nimeona." Lakini kosa kubwa lilikuwa kuzima. Nilizima sungura wakiwa bado shimoni, kwa hiyo kwa yule mtoto wa miaka sita walibaki humo humo. Usiku mbili alikataa kujifunika shuka kichwani. Dada akanipigia. "Wewe, umewaonyesha nini wanangu?" Nikamwambia katuni. "Katuni gani hiyo, mtoto analala taa inawaka?"

Watoto wenyewe si mayai. Sikukuu ya Idi wanasimama mbele kabisa mbuzi akichinjwa. Wameona mwewe akishuka uani kwa bibi yao akaondoka na kifaranga, wakapiga mayowe, wakarudi kucheza rede. Ndani ya muvi hii pia mwewe anamnyakua sungura jike mchana kweupe, na waliniambia baadaye kwamba hapo hawakushtuka hata kidogo. Tofauti ni kwamba kifaranga wa bibi hajawahi kuongea. Hawa sungura wana majina, wanataniana, wana Mungu wao, mmoja ana ndoto za kutisha na wenzake wanabishana kama wamwamini au la. Ukishazoeana naye kiasi hicho, halafu uone damu yake, unakuwa umeona kitu kingine kabisa.

Na sisi kuna jambo jingine linalotuponza. Tumelelewa na sungura. Paukwa, pakawa, na anayefuata ni yule mjanja anayemlaghai fisi, au yule wa "sizitaki mbichi hizi". Sungura kwetu ni kicheko. (Japo sungura wa hadithi zetu ni wa porini, analala juu ya ardhi kwenye majani, hachimbi shimo. Wale wa Uingereza ndio wanaoishi chini kwa ukoo mzima, na hadithi yote ya muvi hii inategemea mashimo hayo.) Cha ajabu, mwanzo wake ungeweza kusimuliwa na bibi yeyote wa pwani: Frith, ambaye ndiye jua, aliumba wanyama wote wakiwa sawa, sungura wakazaana hadi majani yakaisha, Frith akawapa wanyama wengine meno na kucha wawawinde, kisha Frith akampa mkuu wa sungura mbio na ujanja, awe na maadui elfu moja. Wamechora sehemu hiyo kwa michoro ya kitoto kabisa, ya rangi rangi. Ndiyo iliyonihadaa nikaenda jikoni na roho nyeupe.

Baadaye nilijipa kazi ya kuijua. Ni ya mwaka 1978, imeongozwa na Martin Rosen, kutoka riwaya ya Richard Adams iliyotoka mwaka 1972. Adams alianza kuwasimulia binti zake wawili safarini, ndani ya gari. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Hadithi hii ilianza kwa watoto kweli, ila baba alikuwa hapo hapo nao, hakuwa jikoni. Ilipotoka, wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliipa U, yaani kila mtu aone, hata mtoto. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kuipandisha kuwa PG, mzazi aangalie. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "mbona huko wenyewe wameruhusu", mjibu kwamba wenyewe walibadili mawazo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuitazama muvi peke yako, tena na sauti. Usiipeleke mbele mbele. Mimi nilipoirudia kwa haraka bila sauti nilidhani nimeshaielewa, kumbe nusu ya hofu ni muziki na pumzi zao. Katika hii kuna sehemu tatu za kuzipima kwa mtoto wako unayemjua wewe: ile ya kukosa hewa shimoni, ile ya sungura aitwaye Bigwig kunaswa na mtego wa waya shingoni huku povu la damu likimtoka, na pigano la mwisho na Jenerali Woundwort, dikteta wa sungura, ambalo limechorwa bila huruma. Chini ya miaka minane mimi sasa siwashi.

Na ikitokea umeshateleza kama mimi? Simamisha, usizime. Washa taa, kaa katikati yao, waambie wazi nani amekufa na nani yupo. Wakitaka kuacha, waahidi siku ya kumalizia na uitimize, mchana, si usiku. Mimi nilichelewa wiki mbili. Yule mdogo ndiye aliyeniuliza, "Anko, wale wa shimoni walitoka?" Nikamwambia ukweli: wengi hawakutoka, wachache walitoka, mmoja wao ndiye aliyekuwa anasimulia. Akafikiri. "Kumbe ndiyo maana amejua." Tukaianza upya siku hiyo, tukaimaliza.

Nilikuwa natafsiri njia nzima, maana muvi ni ya Kiingereza na hawakuwa wakishika hata robo. Nadhani hilo lilisaidia kuliko chochote. Ukitafsiri unakuwa wewe ndiye msimuliaji, na unaweza kupunguza mwendo. Kwenye mtego wa waya niliwaeleza kuwa hautoki kwa kuvuta, shida ni kigingi chini, na walipoona sungura wenzake wanakifukua kile kigingi walipiga kelele kama vile ni penalti. Hazel, kiongozi wao, anapigwa risasi, sawa, walinishika mkono. Kisha mwisho, Hazel mzee amelala kwenye majani, Sungura Mweusi, ambaye kwao ndiye kifo, anakuja kumwita kwa upole, naye anauacha mwili wake na kumfuata. Nilijiandaa kwa machozi. Mdogo akasema tu, "Amekuja kumchukua mwenzake." Aliyelia ni mimi, nikasingizia moshi wa dawa ya mbu.

Ninyi watu wazima mnaocheka "jitu zima na katuni", ushauri wenu ni mfupi: jaribuni. Ukitaka kuanza taratibu, anza na katuni ya Animal Farm, ya mwaka 1954, hasa kama ulisoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Tafuta mahali walipobadilisha mwisho alioandika mwenye kitabu, George Orwell: kitabuni wanyama wanabaki dirishani wakishindwa kutofautisha nguruwe na mtu, kwenye filamu wanainuka na kuwapindua nguruwe. Fedha za filamu hiyo zilitoka kimya kimya kwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na ukilijua hilo mwisho ule unausoma upya. Ni filamu nzuri ya kubishania na kijana wa sekondari.

The Plague Dogs ni habari nyingine. Rosen huyo huyo, Adams huyo huyo, mwaka 1982. Mbwa wawili wanatoroka maabara ya majaribio kaskazini mwa Uingereza. Rowf kila siku alikuwa anaogeleshwa kwenye tangi hadi azame, wamtoe, wamzindue, waandike dakika. Mwenzake, Snitter, amefanyiwa operesheni ya ubongo na hajui tena kipi ni ndoto. Niliitazama peke yangu Jumapili usiku, na Jumatatu kwenye daladala nilikuwa kama mtu aliyetoka msibani. Usiitazame peke yako, na usiitazame usiku wa kuamkia kazini. Mimi si mpenzi wa mbwa, tulilelewa tukiambiwa tuwakwepe, na bado sijapita tena kwa wale mbwa wa jalalani mtaani kwetu bila kupunguza mwendo. Mwisho wake ni maji, ukungu na kisiwa ambacho huna hakika kama kipo. Riwaya ina mwisho wa heri. Filamu ilikataa, na mimi naona filamu ndiyo iliyo sahihi, ingawa siku ile nilimlaani mwongozaji.

Iko bado kwenye flashi. Nimelibadili jina faili, nimeandika MBWA USIFUNGUE. Wiki iliyopita yule mdogo, ambaye siku hizi anasoma kila kitu hadi mabango ya waganga, aliliona akauliza hao mbwa wamefanya nini. Nikamwambia wao hawajafanya kitu, wamefanyiwa, na tutawatazama wote pamoja akifika kidato cha tatu. Amekwenda kuandika nyuma ya daftari la hesabu, na kaka yake kaweka sahihi kuwa shahidi.