Kwanini mwezi wa nne sikutuma hela ya bati

Shem umeniuliza inakuwaje mtu uko Houston, una bima ya kazini, dawa kampuni inayoitengeneza inakulipia, halafu unasema huna hela ya bati. Haya ngoja nikwambie ukweli maana naona mnahisi nawazungusha.

Mi nachoma sindano za baridi yabisi, dola 2,000 kwa mwezi. Bima yangu ina kitu wanaita didaktibo, yaani dola 4,000 za kwanza kila mwaka ni zako, bima inakuangalia tu, ukishazimaliza ndo na wao wanaanza kuchangia. Sasa kwa mshahara wa kubeba boksi unazitoa wapi? Ndo hapo kampuni inayotengeneza dawa inakupa kadi ya dola 6,000 kwa mwaka (sio huruma bana, hawataki uhamie dawa ya mwenzao). Januari famasi wakakata kwenye kadi, Februari, Machi, sitoi hata senti, najiona mjanja na najua didaktibo ilishaisha tangu Februari.

Mwezi wa nne nafika dirishani dada ananiambia kadi imekwisha, leo ni dola 2,000. Nikawapigia bima hapohapo, foleni nyuma yangu watu wanaguna, wananijibu eti hela za kadi hazihesabiki kwa sababu hazikutoka mfukoni kwako, kwahiyo didaktibo uliyolipa mpaka leo ni sifuri. Sifuri shem! 6,000 zimeliwa na 4,000 zangu bado wanazitaka vilevile.

Nikawaambia mbona hapa Texas walishapitisha sheria 2023 ya kuzuia huo mchezo kwa dawa zisizo na mbadala wa bei rahisi, wakasema kwenye bima yangu matibabu analipa mwajiri kwa mfuko wake mwenyewe, na bima za hivyo zinashikwa na sheria ya serikali kuu ya 1974, ya jimbo haiwagusi. Mwaka huohuo 2023 mahakama ya Washington DC nayo ikafuta kanuni iliyokuwa inawapa bima uhuru wa kutohesabu hela za kadi, ila pale dirishani mi sijaona tofauti. Huko nyumbani ukiambiwa dawa haimo kwenye bima unajua moja, hapa imo, kadi unayo, na bado unalia.

Aprili nikalipa 2,000, Mei tena 2,000, nusu kwa mkopo. Sasa hivi nachangia 400 tu kwa mwezi so bati ntatuma mwezi wa saba, fundi asubiri. Ila za milango niombeni kabla ya Desemba, Januari didaktibo inaanza upya.