Kikundi kwenda Kilwa Kisiwani: anzeni na maji, khanga baadaye

Vikundi vingi vya akina mama hapa Lindi vikipanga matembezi ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya kale, huanza na sare. Vikao vitatu vinaishia kwenye kuchagua doti za khanga, halafu siku ya safari inaangukia kwenye bamvu, siku za maji kujaa na kutoka sana.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka sana. Kwenye pwani yetu maji ya siku hizo huwa yamekauka saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati uleule mnaotaka kupanda boti. Ni kutembea kwenye tope na mawe, na mama mwenye magoti mabovu ndiye anayeumia. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na tarehe 8 au 23 ya mwezi mwandamo: maji ni mafu, hayatoki mbali, na muda huo wa asubuhi yanakuwa yamejaa. Kwa msimu, Oktoba ni bora, upepo wa kusi umepungua na mvua haijaanza. Mkilazimika kwenda Julai, vukeni mapema na mrudi kabla upepo wa mchana haujapanda.

Mchango uanze Juni, fedha za ufuta zikiwa zinaingia. Shilingi 2,000 kwa wiki, wiki 18, ni 36,000 kwa kila mmoja. Msiguse hisa wala mfuko wa jamii hata kwa kukopeshana siku mbili, maana humo mna haki ya mama asiyesafiri, na ugomvi wa namna hiyo huvunja kikundi. Orodha ifungwe wiki mbili kabla, ndipo mkodi kosta. Mkikodi kwa kukadiria, wanaojitoa dakika za mwisho huwaachia wenzao nauli ya viti vitupu.

Makubaliano na mwenye gari yaandikwe: dizeli juu ya nani, chakula cha dereva, saa ya kurudi. Lipeni nusu, nyingine mkishafika nyumbani. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mpaka Nangurukuru, kisha kushuka Kilwa Masoko mnakopandia boti, tengeni saa tatu. Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na mhazina adai risiti. Ufukweni, hesabuni maboya ya kuvaa kabla ya kuhesabu watu. Yakipungua, vukeni kwa mafungu.

Chakula cha watu 30: mchele kilo 5, nyama kilo 6, maji madumu matatu ya lita 20. Pikeni pilau, wali wa nazi uacheni nyumbani. Tui huchacha haraka kwenye joto. Pilau nayo ipakiwe ya moto kabisa, kwani ikikaa vuguvugu saa nyingi huharibu matumbo. Muhogo wa kuchemsha na korosho vinatosha njiani.

Kisiwani anzeni na Gereza, yaani ngome ya zamani, na Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Mpeni mwongozaji nafasi asimulie, mahali hapa msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 na panastahili zaidi ya picha. Msipande kutani, mawe yamelegea. Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, ni mwendo juani, kwa hiyo wasioweza wabaki kivulini na mmoja wa viongozi.

Sasa khanga. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu wakati wa kushuka botini nguo ndefu ikilowa humvuta mtu chini.