Jibu: Dau dogo kwenye poti kubwa

Ndugu yangu, umeuliza yule mzee wa meza ya poka ya Nyali anayeweka dau la 800 kwenye poti (pesa zilizokusanyika mezani) ya 6,000 huwa ameshika nini. Kabla ya kumsoma yeye, soma hesabu. Unatoa 800 kugombania 6,800, kwa hiyo ukishinda hata mara 1 katika 9 tayari una faida. Ukiwa na kopa 4, unatafuta ya tano, na imebaki karata moja, kopa 9 kati ya karata 46 usizoziona zinakukamilishia, karibu asilimia 20. Kufolda (kutupa karata zako) hapo ni kumwachia pesa bure.

Karata ya mwisho ndiyo yenye utamu. Wengi wa meza zetu wakiweka kidogo pale wana jozi ya wastani: wanahofia wewe utaweka kubwa, basi wanajipangia bei mapema. Mpandishie hadi 3,500 hivi, uone anavyoinua karata zake kuzitazama tena. Lakini fanya hivyo kwa mtu anayejua kuachia. Wapo wasiofolda jozi asilani, na hao wasubirie mkono wa kweli.

Kinachonitisha mimi ni mabadiliko. Mtu aliyeweka nusu ya poti jioni nzima, akashuka ghafla hadi 800 baada ya kopa ya tatu kufunguliwa mezani, mara nyingi ameshakamilisha kopa tano na anakubembeleza ulipe.

Halafu ukipandisha, tamka kiasi kwanza. Ukitupa kete moja ya thamani kubwa kimya, kwenye kasino nyingi hiyo huhesabiwa umekoli tu, yaani umelipa dau lake bila kupandisha.