Betri ya Gari-Nyumba: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, nina gari-nyumba nililolinunua likiwa limekwisha kutumika. Betri ya upande wa makazi, ile inayoendesha taa, pampu ya maji, feni na friji, huisha nguvu usiku wa pili nikiwa nimeegesha, na hii ni ya tatu kuharibika katika miaka minne. Fundi mmoja ananishauri niweke betri kubwa ya lori, ilhali rafiki yangu anashikilia kwamba ninunue ya lithiamu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ushauri wa fundi uweke kando. Betri ya lori, hata iwe kubwa namna gani, imeundwa kwa ajili ya kupiga stata: ndani yake mna mabamba mengi membamba ya risasi yanayotoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, huurudisha papo hapo. Ukiifanyisha kazi ya kuendesha friji usiku kucha, mabamba hayo huchakaa upesi, na huenda mojawapo ya zile tatu ilikufa kwa sababu hiyo. Makazi yanahitaji betri ya mzunguko wa kina, ambayo wengi huifahamu kwa jina la betri ya sola, kwa kuwa mabamba yake ni mazito na huvumilia kutolewa umeme polepole kwa saa nyingi.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, chukua kalamu upige hesabu. Chukulia kwamba friji yako ndogo ya kompresa hutumia saa-ampea 40 kwa siku (saa-ampea ni kipimo cha umeme wa betri: ampea mara saa). Feni ya wati 24 ikizunguka saa nane hula wati-saa 192, nazo ukizigawanya kwa volti 12 unapata saa-ampea 16. Taa za wati 10 kwa saa tano ni kama 4, na pampu tuipe 2. Jumla ni saa-ampea 62 kila siku. Sasa, betri ya risasi iliyoandikwa 100 haipaswi kuzoeshwa kutolewa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, maana yake ni kwamba ina 50 tu za kutumia kwa amani. Kwa matumizi ya namna hiyo, betri moja huwa imekwisha kulemewa kabla siku ya kwanza haijaisha, na usiku wa pili wewe unaona tu matokeo yake. Ikiachwa katika hali hiyo kwa siku kadhaa bila kuchajiwa, chembe za salfeti huganda juu ya mabamba na nguvu iliyopotea hairudi yote.

Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila hajakueleza yote. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma yenye saa-ampea 100 hukupa 80 au zaidi, uzito wake haufiki nusu ya ile ya risasi, na huhimili mizunguko ya kuchajiwa na kutumika zaidi ya elfu mbili, ambapo ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Lakini haipokei chaji salama joto likishuka chini ya nyuzi 0 za selsiasi, na kwa kuwa huvuta umeme kwa pupa, inaweza kuunguza altaneta ikiwa hakuna chaja maalumu ya kudhibiti umeme kati yake na betri ya injini. Chaja ya ukutani na kidhibiti cha sola navyo lazima viwe na mpangilio wa lithiamu. Gharama ya vifaa hivyo ndiyo watu husahau kuijumlisha. Kama safari zako ni za siku mbili tatu kwa mwaka, tena unaegesha penye umeme, mimi ningebaki na betri ya risasi iliyofungwa, ya aina ya AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo), yenye ukubwa wa kutosha.

SWALI: Gari langu hukaa miezi sita bila kutumika. Betri niiache vipi?

JIBU: Ya risasi ichaji hadi ijae, kisha chomoa waya wa hasi, kwa maana redio na vitambuzi vya gesi huendelea kunyonya hata gari likiwa limezimwa. Ipime kila mwezi baada ya kuiacha itulie kwa saa chache: volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni takriban nusu, na ukiona 12.4 ichaji tena bila kusubiri. Ikiwa ina vifuniko vya kufungulika, ongeza maji yaliyotoneshwa baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa mabamba yakiwa wazi. Hapo yafunike kidogo kwanza. Asidi usiongeze kamwe. Chajia mahali penye hewa, kwa sababu hidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche ndogo tu. Ya lithiamu hupendelea kuhifadhiwa ikiwa na chaji ya karibu nusu.

SWALI: Naweza kuunganisha betri mpya na ya zamani ili nipate nguvu zaidi?

JIBU: La. Ile iliyochoka huinyonya mpya hadi zote mbili zichoke pamoja. Nunua mbili za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, na uweke fyuzi karibu na ncha chanya ya kila moja.