Setilaiti ipo, kwa nini bado tunafunga GPS juu ya jabali?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma jiolojia hapa Dodoma. Kama rada ya setilaiti huona ardhi iliyosogea sentimita chache, GPS ya nini tena? Na mitetemeko tunayoisikia kwetu Haneti, rada inaiona?

JIBU: Marahaba. Rada inakuonyesha ardhi imesogea wapi. GPS inakuambia imesogea lini.

Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, hupita juu ya eneo lile lile kila siku 12, ikiwa kilomita 700 hivi angani. Wimbi lake lina urefu wa karibu sentimita 5.6, nalo huenda na kurudi. Kwa hiyo ardhi ikiikaribia au kuiacha kwa sentimita 2.8, wimbi hupishana mzunguko mzima. Ukilinganisha picha mbili unaona pete za rangi, na kila pete ni sentimita 2.8. Kwa kuzihesabu pete hizo tunakadiria ufa wa miamba chini ya ardhi umeteleza kiasi gani, na kina gani. Ila yote ya siku 12 yamerundikana katika picha moja. GPS husoma usiku na mchana, kwa milimita, lakini pale ilipofungwa tu.

Mfano ninaoupenda ni mlima Gelai, karibu na volkano ya Ol Doinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, Julai 2007. Tetemeko kubwa zaidi lilifika ukubwa wa 5.9, lakini rada za setilaiti za wakati huo zilionyesha kwamba ufa uliteleza polepole, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza chini. Mtelezo ule wa kimyakimya vipima mitetemo peke yake visingeueleza.

Haneti ni habari nyingine. Tetemeko la ukubwa wa 5, likiwa kilomita 15 chini, husogeza uso wa ardhi milimita chache, pengine pungufu. Pete haitokei, na unyevu wa hewani wakati wa masika unatosha kuificha dalili yoyote. Kwa hapo tegemea vipima mitetemo, na GPS ya miaka mingi, maana Bonde la Ufa linapanuka milimita chache tu kwa mwaka.

Ukienda kufunga chombo, ukimbie udongo mweusi wa mbuga: ukinyeshewa huvimba, nawe utapima tope. Majabali ya Dodoma pia yachunguze, mengi yamekalia mengine tu. Tafuta mwamba uliozama ardhini, ugonge kwa nyundo. Ukilia kama una uwazi ndani, tafuta mwingine.