Kabla ya Kuniletea Grafu Nyingine

Wadogo zangu wa maabara, wiki hii nimeletewa tena grafu safi ya kwantamu doti, zile chembe za semikondakta za nanomita chache: mshuko wa ghafla wa ishara mwanzoni, na maelezo tayari yameandikwa kwamba elektroni zinanaswa kwenye uso wa doti. Kipimo chenyewe kimefanywa kwa nguvu moja tu ya pampu, yaani mpigo wa leza unaoiamsha sampuli kabla mpigo wa pili haujaipima. Jamani! Nawapenda, lakini hilo bado si jibu.

1. Badilisheni nguvu ya pampu kabla ya kuamini namba yoyote. Mwanga ukizidi, doti moja humeza fotoni mbili au zaidi, eksitoni (jozi za elektroni na tundu iliyoliacha) zinabanana ndani ya nanomita chache, moja inakufa kwa njia ya Auger, yaani bila kutoa mwanga, na kuirithisha nyingine nishati yake. Hayo huisha ndani ya makumi au mamia ya pikosekunde, na kwenye skrini utaapa ni kunaswa. Shusheni nguvu mpaka wastani wa fotoni kwa doti uwe chini kabisa ya moja. Mshuko ukitoweka, ni Auger. Ukibaki, ndipo tuulizane habari za uso.

2. Korogeni sampuli. Kila muhula nalisema, kila muhula naikuta kyuveti, kichupa cha sampuli, imetulia tuli. Waliotutangulia walibishana miaka kwa ajili ya jambo hili. Mwaka 2004 Schaller na Klimov, wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walitangaza kwamba kwenye nanokristali za PbSe (doti za risasi na seleniamu) fotoni moja yenye nishati kubwa huzaa eksitoni zaidi ya moja. Watu wa seli za sola wakasisimka. Maabara nyingine zikapima, zikapata namba ndogo zaidi. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya tofauti ilitoka kwenye doti zilizobaki na chaji baada ya kupigwa mfululizo mahali pamoja: nazo hushuka kwa Auger, zikaiga eksitoni ya ziada. Jambo lilikuwepo kweli, ila ukubwa wake ulitiwa chumvi. Juzi mmoja wenu alibisha. Tukawasha kikorogeo cha sumaku, mshuko ukapungua tukiutazama. Alinyamaza, akaanza kupima upya bila kuambiwa. Nilifurahi sana.

3. Steji ya vioo inayochelewesha mpigo mmoja ikisogea mikroni 1, mwanga huenda na kurudi, hivyo muda unabadilika femtosekunde 6.7, kwa hiyo msiegemee meza.

4. Mnaopima chembe za dhahabu: muda wa elektroni kupoa hurefuka kadiri pampu inavyoongezwa. Chukueni nguvu kadhaa, choreni mstari mpaka nguvu sifuri, kisha niiteni. Nitakuja hata usiku.